MJADALA: Zanzibar isukume ushuru wa forodha ushuke haraka, au ijikinge kwanza?

Mtoa mada, Shangani

Assalaam alaykum barazani.

Nnaleta swali ambalo kila mwaka wa bajeti linapitiwa juu juu. Katika mazungumzo ya biashara baina ya nchi na nchi, Zanzibar iisukume Tanzania ikubali kushusha ushuru wa forodha kwa kasi, au ishikilie viwango vilivyopo mpaka kilimo na viwanda vyetu visimame?

Hali ilivyo ni hii. Tanzania inazungumza sehemu tatu kwa wakati mmoja. Kwanza ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Umoja wake wa Forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya inatozwa Ushuru wa Pamoja wenye ngazi nne: asilimia 0, 10, 25, na tangu tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ya 35. Juu ya hizo iko orodha ya bidhaa nyeti, ambamo mchele na sukari vimewekewa viwango vikubwa zaidi. Pili ni Eneo Huru la Biashara la Afrika, lililotiwa saini Kigali Machi 2018 na kufunguliwa kwa biashara Januari 2021. Tatu ni Umoja wa Ulaya. Mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi yalikamilika Oktoba 2014, Kenya na Rwanda zikasaini mwaka 2016, Tanzania ikakataa. Kenya ikaenda peke yake na mkataba wake ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Mie niko upande wa kushusha. Kisiwa kinachokula kwa meli kinalipa ushuru kwenye kila sahani. Mchele, sukari, unga wa ngano, mafuta ya kupikia, nondo, bati, vyote hivyo vinapita bandari ya Malindi, Unguja. Viwango vya juu vya Jumuiya vimewekwa kwa ajili ya mashamba na viwanda ambavyo sehemu kubwa viko Kenya, Uganda na Bara. Mlaji wa Micheweni analipia ulinzi wa shamba lisilo lake. Tena ushuru mdogo si mgeni hapa: mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 uliweka asilimia 5 tu kwa bidhaa zinazoingia, na mwaka 1892 bandari ya Unguja ikatangazwa kuwa huru. Mji Mkongwe umejengwa na biashara hiyo.

Karibuni. Naomba tuzungumze kwa hesabu.

Wakala wa forodha, Malindi

Waalaykum salaam, Sheikh. Kwa kuwa umetaka hesabu, tuanze nazo.

Ushuru hautozwi kwenye bei uliyonunulia. Unatozwa kwenye CIF, yaani bei ya mzigo pamoja na nauli ya meli na bima mpaka bandarini. Chukua mfano wa bidhaa yoyote ya ngazi ya asilimia 25: mzigo dola 10,000, nauli 1,200, bima 100. CIF ni 11,300. Ushuru ni 2,825. VAT ya Zanzibar ya asilimia 15 inahesabiwa juu ya 14,125, inakuwa 2,118.75. Jumla ni dola 4,943.75, bado hujagusa ada za bandari. Sasa ushushe ushuru uwe asilimia 10: ushuru 1,130, VAT 1,864.50, jumla 2,994.50. Mwagizaji amebakiwa na dola 1,949.25 mkononi. Kwa hivyo mtoa mada hakukosea, unafuu upo.

Lakini itazameni nauli ndani ya hesabu hiyo. Kila dola moja ya nauli inazaa senti 25 za ushuru na senti 18.75 za VAT, jumla senti 43.75. Ghati la Malindi halipokei meli kubwa za makontena, kwa hivyo mzigo mwingi unashushwa bandari nyengine kisha unapakiwa tena kuja huku. Ile safari ya pili nayo imo ndani ya CIF na inatozwa. Nchi yenye bandari kubwa na nchi isiyo nayo zikitozwa asilimia 25 ile ile, hazilipi sawa. Hoja hii sijaiona ikipelekwa kwenye mazungumzo hata siku moja, na ni ya haki kabisa.

Jengine ni bei anayokubali afisa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inafuata utaratibu wa Shirika la Biashara Duniani: njia sita za kupata thamani, zifuatwe kwa mpangilio, na ya kwanza ni bei iliyolipwa kweli. Mzozo unakuja pale ankara inapotiliwa shaka na mwagizaji hana uthibitisho wa malipo wa benki, mkataba wa ununuzi, wala orodha ya bei ya muuzaji. Hapo inahamwa njia ya kwanza, zinafuata bei za bidhaa zinazofanana. Bei ikipandishwa kwa asilimia 40, sehemu kubwa ya punguzo lililopiganiwa miaka kumi imekwisha siku moja. Atakaye kunufaika na ushuru mdogo aanze kulipa kupitia benki na kuhifadhi karatasi.

Mpunga, Makwararani

Mtoa mada, ndugu yangu, umesema mlaji wa Micheweni analipia shamba lisilo lake. Njoo Makwararani. Nenda Cheju. Mabonde haya yanamwagiliwa, fedha za umma zimemwagwa humo, na watu wanavuna. Shamba letu lipo.

Na hiyo 1833 usiilete kama ushahidi. Ile asilimia 5 ilifungwa ndani ya mkataba, na Waingereza na Wafaransa wakaja na mikataba yao baada ya hapo. Serikali ilipohitaji mapato zaidi haikuweza kupandisha, kwa sababu ilikwishafunga mikono yake kwa wageni. Ndiyo khasa hatari ya kushusha kwa mkataba. Ukishusha kwa bajeti unaweza kurudi mwakani. Ukishusha kwa mkataba wa kimataifa hurudi bila ya kulipa fidia.

Sasa mchele. Kiwango cha Ushuru wa Pamoja ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, chochote kilicho kikubwa. Mchele wa CIF ya dola 450 kwa tani: asilimia 75 ni 337.50, ndogo kuliko 345, basi unatozwa 345. Tani inafika 795 kabla ya kodi nyengine. Nakubali, kwa familia maskini hiyo ni bei kali, na hakuna anayeomba mapembe, huu mchele wa nje wa bei ndogo, yauzwe bei hiyo mwaka mzima. Ninachokataa ni sifuri. Mchele wa nje ukiingia bila ya ushuru mwezi wa Julai, wakati mpunga wa masika unatoka shambani, mkulima anauza kwa hasara au anaulaza ndani mpaka wadudu waingie. Mwaka unaofuata halimi.

Pendekezo langu: ushuru uwe wa msimu. Mkubwa wakati wa mavuno, kuanzia Juni mpaka Septemba, mdogo miezi iliyobaki.

Mtoa mada, Shangani

Kuhusu mkataba na bajeti nakubaliana na wewe, ni tofauti ya msingi. Lakini hicho kiwango cha dola 345 unachokitumia kama ngao si cha kudumu hata sasa. Kila mwaka nchi moja moja zinaomba kusimamishiwa Ushuru wa Pamoja kwa bidhaa fulani kwa miezi 12, mawaziri wanakubali, inatangazwa katika Gazeti la Jumuiya tarehe 30 Juni au karibu yake, inaanza Julai mosi. Mfanyabiashara wa mchele hajui Aprili atatozwa nini Agosti. Mkataba ungeleta angalau uhakika.

Mchumi, Tunguu

Hapa pana jambo ambalo nyote wawili hamjaligusa. Tatizo la mchele wa Zanzibar ni kwamba kiwango kinachoufaa si kimoja na kinachoifaa Mbeya. Mbeya na Morogoro wanauza mchele, wanataka ukuta. Unguja na Pemba wananunua, wanataka mlango. Ukitoza asilimia 25 hapa na dola 345 kule, tani ile ya dola 450 inalipa 112.50 upande mmoja na 345 upande wa pili. Tofauti ni 232.50 kwa tani, dola 11.60 na kidogo kwa gunia la kilo 50. Jahazi la magunia 400 lina dola 4,650 ndani yake kwa kuvuka usiku tu. Hapo ndipo magendo yanapozaliwa, na ndipo Bara wanaposema Zanzibar ni tundu la kupitishia.

Hili limeshatatuliwa kwengine. Umoja wa Ulaya una ushuru mmoja kwa nchi zote, lakini visiwa vyake vya mbali, Canary, Madeira, Azores na Réunion, vina mpango maalumu wa kupatiwa chakula. Kila mwaka kisiwa kinaandika makisio: tani ngapi za nafaka, ngapi za sukari, kwa ajili ya wakaazi na viwanda vya hapo hapo. Mpaka kiasi hicho, bidhaa iliyomo kwenye orodha ikitoka nje ya Ulaya haitozwi ushuru. Atakayeisafirisha kwenda bara la Ulaya analazimika kuurejesha unafuu alioupata. Umoja wa forodha haukuvunjika kwa hilo.

Kwa hivyo ombi la Zanzibar ndani ya Jumuiya lisiwe "shusheni ushuru wa mchele". Liwe hivi: makisio ya mwaka ya matumizi ya visiwa, toa mavuno ya ndani yaliyopimwa na Wizara ya Kilimo, kinachobaki kiingie kwa kiwango cha chini kwa kutumia leseni, magunia yawe na alama ya rangi yake, na kinachovuka kwenda Bara kilipe tofauti. Mkulima wa Makwararani analindwa kwa kuwa mavuno yake yanatolewa kwanza katika hesabu.

Mama Chanja, Mkokotoni

Salaam wote. Mmekamata mchele mkasahau kwamba na sisi tunauza. Ushuru una pande mbili.

Dagaa la Unguja soko lake kubwa ni Kongo. Linachemshwa kwenye maji ya chumvi, linaanikwa kwenye chanja, linafungwa viroba, linavuka Dar es Salaam, linakwenda Tunduma, linapita Zambia mpaka Kasumbalesa. Kongo ilisaini kuingia Jumuiya Aprili 2022. Watu wakashangilia kwamba ushuru umekwisha. Haukwisha, kwa sababu kuingia Jumuiya ni jambo moja na kuanza kuutumia Umoja wa Forodha ni jengine. Mpaka taratibu hizo ziingie katika sheria za Kongo yenyewe, afisa wa mpakani anatoza kwa kitabu chake. Hapo ndipo wawakilishi wetu wanatakiwa wakazane, badala ya kufungua mkataba mpya na nchi ya mbali.

Na hata pale ushuru ulipokwisha kweli, kuna cheti cha uasilia, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetoka nchi gani. Bila ya cheti hicho dagaa lako ni la nje kama la Thailand. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya kuna cheti chepesi, kinatolewa mpakani, hakina mlolongo. Lakini dola 2,000 ni viroba vichache. Wanawake wa chanja wakiunganisha mzigo wao kwenye fuso moja, thamani inavuka kiwango, na cheti chepesi hakitumiki tena. Inatakiwa cheti kamili, chenye jina la msafirishaji mmoja, namba ya forodha ya bidhaa, uzito halisi, ankara. Makosa yanayorudisha mizigo ni madogo madogo: uzito wa ankara haulingani na wa cheti, au kwenye cheti imeandikwa samaki wabichi na kwenye fuso mna wakavu. Namba zake ni mbali mbali. Wabichi wamo 0302, waliokaushwa au kutiwa chumvi wamo 0305.

Ombi langu kwa wanaozungumza: kiwango cha cheti chepesi kipandishwe, au vikundi viruhusiwe kutumia cheti chepesi kwa kila mwanachama ndani ya gari moja.

Wakala wa forodha, Malindi

Bi Chanja, umegusa penyewe. Niongeze la samaki wa bahari kuu, maana Mamlaka ya Uvuvi wa Bahari Kuu makao yake yako Fumba na watu wanadhani kila jodari anayeshushwa hapa ni wetu.

Kanuni za uasilia, karibu katika mikataba yote, zinasema samaki aliyevuliwa ndani ya maili 12 za bahari ya nchi ni wa nchi hiyo. Nje ya maili 12, hata kama bado uko kwenye ukanda wetu wa uchumi wa maili 200, asili ya samaki inafuata chombo. Kimesajiliwa wapi, kinapeperusha bendera gani, na katika mikataba mengine kinamilikiwa na nani. Masharti ya Ulaya yanataka umiliki wa angalau asilimia 50 uwe wa raia wa nchi husika au wa Ulaya. Meli ya kigeni yenye leseni yetu ikivua jodari maili 60 mashariki ya Pemba, samaki huyo si wa Tanzania kwa macho ya forodha, hata akishushwa Malindi na kufungwa barafu hapa hapa. Uchumi wa buluu ukijengwa juu ya leseni peke yake hautauza kwa ushuru sifuri. Kwenye meza ya mazungumzo kipengele hiki kina thamani kuliko viwango, kwa sababu kinaamua nani atakitumia hicho kiwango.

Makonyo, Wete

Mie nimesoma nikangoja mtu aitaje karafuu.

Ukiangalia karafuu, hoja ya kushusha ushuru inakosa nguvu kwa masoko mengi. Ulaya, tangu mwaka 2001, inapokea bidhaa zote za nchi maskini zaidi duniani isipokuwa silaha bila ya ushuru wala ukomo, na Tanzania imo. China nayo, kuanzia tarehe 1 Desemba 2024, imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kibalozi. Mlango wa ushuru uko wazi. Kwa nini basi hatuuzi zaidi ya tunavyouza?

Sababu ziko ndani ya gunia. Kipimo cha kimataifa kinataka unyevu wa karafuu nzima usizidi asilimia 12. Karafuu iliyoanuliwa mapema kwa kuogopa mvua inafungwa na unyevu zaidi, inapanda joto ndani ya kontena, inapata ukungu. Iliyoanikwa barabarani badala ya kwenye jamvi au sakafu safi inabeba mchanga na mafuta ya gari. Makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, yakizidi ndani ya gunia, daraja linashuka. Ulaya wanapima mabaki ya dawa za kuulia wadudu na vijidudu, na mzigo unakataliwa hata kama ushuru wake ni sifuri. China wao wanataka kiwanda cha chakula kinachosafirisha kiwe kimesajiliwa kwenye forodha yao, kanuni iliyoanza Januari 2022.

Halafu kuna njia ya mzigo. Masharti ya nafuu yanataka bidhaa iende moja kwa moja, au ikipitia bandari nyengine isiguswe. Kutoka hapa lazima ipitie kwengine. Bili ya shehena, ile hati ya mzigo inayotolewa na wenye meli, isipokuwa moja kutoka Zanzibar mpaka mwisho wa safari, mnunuzi anaombwa hati ya forodha ya bandari ya kati inayothibitisha kwamba kontena halikufunguliwa. Asipoipata analipa ushuru kamili. Msafirishaji aitake bili hiyo moja siku anapokata nafasi ya meli, maana baada ya kontena kuondoka haipatikani.

Kwa mtazamo wangu, kila saa inayotumika kudai asilimia nyengine ichukuliwe nusu yake ikapelekwe kwenye sakafu za kuanikia, mashine za kupimia unyevu na maabara.

Mtoa mada, Shangani

Makonyo, hoja yako ni nzito, lakini imesimama juu ya kitu kisichodumu. Nafuu hizo zote unazozitaja zimetolewa kwa Tanzania kama nchi maskini zaidi. Hazikupatikana kwa mazungumzo. Benki ya Dunia imeiweka Tanzania kwenye kipato cha kati cha chini tangu Julai 2020. Umoja wa Mataifa unapitia orodha ya nchi maskini zaidi kila miaka 3, na nchi ikitimiza vigezo mapitio mawili mfululizo inapendekezwa kutolewa. Ikitolewa, Ulaya inaiongezea miaka 3 kisha nafuu ile inakwisha. Kenya ilisaini kwa sababu haimo katika orodha hiyo, maua yake yangetozwa ushuru. Tukingoja mpaka tutolewe, tutakwenda kuzungumza hatuna cha kushikilia.

Mchumi, Tunguu

Ni kweli, lakini tutazame bei ya kusaini. Mkataba uliokamilika mwaka 2014 ulitaka Jumuiya ifungue asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya ndani ya miaka 25. Sehemu kubwa ya hizo zilikuwa tayari kwenye sifuri, mashine na malighafi. Mapato yanaumia kwenye zilizobaki. Serikali ya Mapinduzi inategemea sana kodi zinazokusanywa bandarini, ushuru na VAT ya bidhaa zinazoagizwa. Serikali yenye viwanda vingi inaweza kuhamishia kodi ndani. Visiwa vilivyokuwa na watu wasiotimia milioni 2 kwa sensa ya mwaka 2022, viwanda vichache na hoteli nyingi, vitahamishia wapi? Kwenye hoteli, na hoteli zinashindana na Mombasa na Mauritius.

Eneo Huru la Afrika ni jepesi zaidi kwetu kwa sababu ngazi zake ni za polepole. Asilimia 90 ya namba za bidhaa zinashuka kwa miaka 10 kwa nchi maskini zaidi, asilimia 7 nyeti kwa miaka 13, na asilimia 3 hazishushwi. Bidhaa ya asilimia 25 inayoshuka sawa sawa kwa miaka 10 inapungua pointi 2.5 kila mwaka. Hazina inapata muda wa kujipanga. Lakini hizo asilimia 3 zina mtego: jumla ya thamani yake isizidi asilimia 10 ya bidhaa zote zinazoagizwa kutoka Afrika. Huwezi kutumbukiza humo kila unachokiogopa. Na orodha inapelekwa na Jumuiya nzima kama kitu kimoja, kwa hivyo bidhaa yetu inapigania nafasi mara mbili, kwanza Dodoma, kisha Arusha kwenye makao ya Jumuiya.

Makonyo, Wete

Na ndiyo maana wengine tunasema Zanzibar ipate kiti chake. Hong Kong na Macao si nchi, lakini ni wanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu siku ya kwanza, Januari 1995. Kwa nini siye tusiwe?

Mchumi, Tunguu

Kwa sababu mkataba wa shirika hilo, kifungu cha 12, unaruhusu eneo la forodha lenye mamlaka kamili juu ya biashara yake ya nje. Hong Kong na Macao wanayo mamlaka hayo kisheria. Katiba ya Muungano ya 1977 imeweka biashara ya nchi za nje na ushuru wa forodha katika Orodha ya Mambo ya Muungano. Ya OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, ya mwaka 1993 sote tunayajua, Zanzibar ilijiunga kisha ikalazimika kujitoa kwa sababu hiyo hiyo ya mamlaka. Anayetaka kiti aanzie kwenye Katiba, na hilo si jambo la mwaka mmoja. Mimi nazungumzia kinachowezekana bajeti ijayo.

Kinachowezekana ni ombi lililoandikwa vizuri. Mapendekezo mengi yanayotoka huku yanasema "ushuru wa vifaa vya mwani upunguzwe", basi. Hayo hayafiki mbali, kwa sababu hakuna afisa wa Arusha anayejua "vifaa vya mwani" ni nini. Kila bidhaa iwe na ukurasa mmoja: namba ya forodha ya tarakimu 8, kiwango cha sasa na kinachoombwa, kiasi kilichoingia miaka 3 iliyopita kwa tani na kwa fedha, kutoka kumbukumbu za forodha, nani anaizalisha ndani ya Jumuiya na kama anatosheleza, mapato yatakayopotea, na faida itakayopatikana, kwa mfano kilo za mwani zitakazoongezeka. Kamba za kufungia mwani zinatengenezwa ndani ya Jumuiya, kwa hivyo Kenya itapinga siku ile ile. Lazima uonyeshe ama kwamba bei zao ni kubwa mno, au kwamba kipenyo unachokihitaji hawakitengenezi. Ukurasa huo ufike Wizara ya Fedha ya Zanzibar mapema, mwanzoni mwa mwaka, upate kuingia kwenye msimamo wa Tanzania kabla ya mawaziri wa fedha wa Jumuiya kukutana kuelekea bajeti, mwezi wa Mei au karibu yake.

Mama Chanja, Mkokotoni

Maalim, ukurasa huo nani atauandika kwa ajili ya kinamama wa mwani wa Paje na Jambiani? Hawana wakala wala mwanasheria. Mwani mkavu wenyewe unauzwa nje kwa wanunuzi wachache wanaopanga bei, na ushuru wa huko nje ni mdogo au haupo. Kinachowaumiza ni maji kuwa moto, mwani aina ya kottonii yenye bei inakufa, inabaki aina ya spinosum ya bei ndogo. Hata mkataba ukiwa mzuri vipi, haumfikii mtu huyo mpaka mwani usindikwe hapa. Kiwanda kinataka mashine, na mashine nyingi zimeshakuwa kwenye sifuri. Kwa hivyo tusiwaahidi kinamama unafuu wa ushuru ambao hautawafikia.

Wakala wa forodha, Malindi

Nirudi kwa Mpunga, maana pendekezo lake la ushuru wa msimu limepita bila ya kupimwa. Lina tundu. Sheria ya 2004 inatoza kiwango kilichopo siku bidhaa inapoingizwa kwa matumizi ya ndani. Siku meli inapofunga gati haihesabiki. Mfanyabiashara ataleta mchele Mei, ataingiza ghala la dhamana bila ya kulipa, ambako sheria inampa miezi 6, kisha ataulipia Oktoba kwa kiwango kidogo. Au ataingiza tani zote Mei kabla ya kiwango kupanda, ajaze maghala ya Mjini, na mwezi wa Julai mapembe yamejaa sokoni kama kawaida. Ushuru wa msimu utakusanya fedha kidogo na hautamlinda mkulima.

Mpunga, Makwararani

Basi tundu lizibwe kwa leseni aliyoisema Maalim. Leseni iandikwe mwezi wa kutoa mzigo sokoni pamoja na tani, na ghala la dhamana lisitoe mchele Juni mpaka Septemba zaidi ya kiasi kilichoandikwa. Tani zigawiwe waagizaji wasiopungua sita, hadharani, majina yabandikwe, kwa sababu leseni ikishikwa na wawili bei itapangwa nao, na mlaji na mkulima wote wataumia. Na mavuno yapimwe bondeni na kamati yenye wakulima ndani yake, kabla ya makisio kupelekwa. Mwaka ambao mavuno yatakisiwa mezani, tani za nje zitazidi, na hapo hakuna kiwango cha ushuru kitakachotuokoa.